Walipima nyumba kwanza, bei wakaitaja baadaye

Mimi ni mshonaji. Kwa miaka kumi na tisa nimezungusha futi kwenye viuno na mabega ya watu, na sijawahi kumtajia mteja bei ya suti akiwa bado amesimama mlangoni. Kwa hiyo tanuri letu la kupashia nyumba joto lilipokufa katikati ya baridi, nikaanza kuletewa bei na watu ambao hawakupima hata dirisha moja, nilijua kuna jambo halijakaa sawa. Tathmini hii ni ya kampuni ndogo ya mafundi watatu iliyotufungia tanuri jipya, lakini siwezi kueleza kwa nini nawasifu bila kuanza na wale wawili niliowakatalia.

Tanuri la zamani lilikuwa la gesi, na kibati chake cha ubavuni kilionyesha lina miaka 22. Matanuri mengi ya gesi hudumu miaka 15 hadi 20, basi lilikuwa limeshafanya kazi yake. Nilimwita fundi wa kampuni moja kubwa aje kulisafisha kwa sababu lilikuwa na tabia ya kuwaka dakika tatu nne, kuzima, kisha kuwaka tena, usiku kucha. Akaingiza kamera ndogo yenye waya, akanionyesha kwenye simu yake ufa ulioko kwenye kibadilisha joto. Hicho ni chuma kinachotenganisha moto na hewa ya nyumba: moto unawaka ndani yake, hewa inapita nje yake ikibeba joto kwenda vyumbani. Kikipasuka, monoksidi ya kaboni inaweza kuingia kwenye hewa mnayovuta, na gesi hiyo haina rangi wala harufu. Akafunga gesi, akabandika karatasi nyekundu. Kwa hilo namshukuru, maana ufa ulikuwa wa kweli. Fundi mwingine aliuthibitisha siku mbili baadaye.

Shida ilianza nusu saa baada ya ile karatasi nyekundu. Alikuja muuzaji wa kampuni ileile, amevaa vizuri, ana tableti mkononi. Hakushuka chini kuliangalia tanuri. Alikaa mezani, akaniuliza nyumba ina vyumba vingapi, akanionyesha picha za matanuri matatu yenye majina kama ya hoteli, kila moja na bei moja ya jumla chini yake. Nikamuuliza bei hiyo ina nini ndani. Akasema, "Ina kila kitu, mama." Nikamuuliza ukubwa wa mashine. Akasema atatuwekea la ukubwa uleule wa zamani, au zaidi kidogo ili tusipate baridi. Kisha akasema nikisaini usiku ule kuna punguzo kubwa, kesho halipo.

Mama yangu, ana miaka 71, alikuwa amekaa pembeni kajifunika blanketi mbili. Yule muuzaji alimtazama mara tatu alipokuwa akizungumza nami. Nilikaribia kusaini. Nawaambia hivi ili mtu aliye katika hali hiyo leo ajue: ile hofu ni sehemu ya bei. Mume wangu ndiye aliyesema, "Mama Neema, tununue hita mbili za umeme kwanza, tulale tukiwa na akili." Tukanunua. Kila moja tukaichomeka kwenye soketi yake ya ukutani, si kwenye waya wa kurefushia, kwa sababu waya hizo hupata moto zikibeba mzigo mkubwa. Mlango wa chumba cha mama ukafungwa, pazia zikashushwa. Hita zile mbili zilitupa siku nne za kutafuta. Sijui fedha nyingine niliyowahi kuitumia vizuri kuliko ile.

Kotesheni ya pili ilikuja kwa ujumbe wa simu. Huyu hakufika nyumbani kabisa. Aliuliza ukubwa wa nyumba, akazidisha kwa namba anayoijua yeye, akatuma bei ambayo ilikuwa chini ya nusu ya ile ya kwanza. Furaha niliyoipata haikumaliza saa moja. Nilimpigia kumuuliza maswali matatu. Kibali kimo? Akasema kibali kinachelewesha kazi, wateja wake wengi hawakihitaji. Kulitoa tanuri la zamani kumo? Hapana, hilo ni langu. Na hita ya maji inayotumia dohani moja na tanuri itakuwaje? Akasema, "Haitasumbua."

Hilo la dohani nalieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo lililonifumbua macho, na ni jambo la usalama.

Tanuri la zamani lilikuwa la aina inayogeuza asilimia 80 ya gesi kuwa joto la nyumba; asilimia 20 iliyobaki hupanda na moshi. Moshi huo ni wa moto sana, ndiyo maana unapanda dohani wenyewe. Matanuri mapya ya daraja la juu hufika asilimia 95 na zaidi. Yana kibadilisha joto cha pili ambacho huunyonya moshi hadi mvuke uliomo unageuka maji, na moshi unaobaki umepoa kiasi kwamba hutolewa nje kwa bomba la plastiki kupitia ukutani. Vizuri. Lakini tanuri likishahama dohani, hita ya maji inabaki peke yake ndani ya dohani pana iliyojengwa kwa ajili ya mashine mbili. Moshi wake mdogo hauna nguvu ya kuipasha dohani nzima. Unapoa njiani, unaacha unyevu unaokula matofali kutoka ndani, na siku mbaya unarudi chini, ndani ya nyumba. Dawa yake ni kuteremsha bomba jembamba la chuma ndani ya dohani ile, linalolingana na hita peke yake. Ni kazi ya saa chache na ina gharama yake. Yule wa bei ya chini hakuiweka, na nina hakika alijua. Mtu anayefunga matanuri kila wiki hawezi kutojua.

Mafundi watatu nilielekezwa na mteja wangu mmoja ambaye namshonea sare za kazini. Alikuja mwenye kampuni mwenyewe, mzee wa makamo mwenye magoti yanayomsumbua, kwa sababu kila alipoinama alishika ukuta. Alivua viatu mlangoni. Salamu zilipokwisha akaniuliza swali ambalo wale wengine hawakuuliza: "Chumba gani kina baridi kuliko vyote?" Nikamwambia cha mama, mwisho wa korido. Akaenda huko kwanza.

Alitoa futi.

Nilisimama pale na nikahisi kama nimekutana na mtu wa ukoo wangu. Alipima madirisha yote, moja moja, akaandika ni kioo kimoja au viwili. Akapima kuta za nje na kuuliza zina nini ndani. Akapanda darini na tochi na rula, akachomeka rula kwenye tabaka la kuzuia joto lisipotee, akateremka na kina chake kwa sentimita. Akahesabu matundu ya hewa ya kila chumba. Ilimchukua karibu saa mbili. Mafundi wa Marekani huiita hesabu hiyo Manual J, na fundi yeyote anayejiheshimu ana njia yake ya kuifanya: joto linalopotea kupitia kuta, madirisha, dari na mianya, katika usiku wa baridi kali wa eneo lenu. Jibu lake ndilo linalochagua ukubwa wa tanuri.

Jibu la nyumba yetu lilikuwa BTU 46,000 kwa saa (BTU ni kipimo cha joto), yaani kilowati 13 na nusu hivi. Tanuri la zamani lilikuwa na uwezo wa kutoa 80,000. Tangu siku ya kwanza lilikuwa kubwa mno. Ndiyo maana lilikuwa likiwaka dakika chache na kuzima: lilimwaga joto jingi ghafla karibu na kidhibiti joto kilichoko koridoni, kidhibiti kikaridhika na kulizima kabla hewa ya moto haijafika chumbani kwa mama. Miaka yote ile nilidhani ni uzee wa mashine. Kumbe nguo haikuwa imechanika, ilikuwa imeshonwa kwa vipimo vya mtu mwingine. Na yule muuzaji wa kwanza alitaka kuniuzia "zaidi kidogo" ya hiyo.

Kisha akatoboa matundu mawili madogo kwenye bati, moja kabla ya feni na moja baada yake, akachomeka mirija ya manomita, chombo cha kupimia presha. Presha ya hewa kwenye mifereji ya tanuri hupimwa kwa inchi za maji, na mashine nyingi za nyumbani zimetengenezwa kuvumilia hadi 0.5. Yetu, feni ikizunguka bila moto, ilisoma 0.8. Alinionyesha kioo cha kipimo, akaninyooshea kidole kwenye mfereji unaorudisha hewa kwenye tanuri. Ulikuwa mmoja, mwembamba. Feni ilikuwa ikivuta hewa kama mtu anayepumulia mrija wa soda. Hewa ikiwa ndogo, kibadilisha joto hakipozwi vya kutosha. Kinachemka, kinapoa, kinachemka, kinapoa, hadi chuma kinachoka na kupasuka. Aliniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nikikufungia tanuri jipya kwenye mfereji huu, dada, nitakuwa nimekuuzia ufa mwingine."

Bei yake ilikuja siku ya pili, kwenye karatasi mbili. Ilikuwa chini ya theluthi mbili ya ile ya kwanza, na juu ya ile ya simu kwa nusu yake hivi. Lakini kila kitu kilikuwa na mstari wake: jina kamili la tanuri na namba ya modeli, BTU 60,000 kwa saa za gesi inayoingia, kwa ufanisi wa asilimia 96, bomba la chuma la dohani kwa ajili ya hita ya maji, mfereji wa pili wa kurudisha hewa, mabati ya kuunganisha tanuri jipya na mifereji ya zamani, mabomba ya plastiki, bomba la kutolea maji, pamoja na kichujio cha kuyapunguza ukali kwa sababu maji hayo yana asidi, kibali, kuondoa tanuri la zamani, mafundi wawili kwa siku moja na nusu.

Nikaketi na karatasi hizo na kalamu. Nilichukua bei ya yule wa simu, nikajumlisha vitu alivyoviacha, kwa gharama zilizoandikwa kwenye karatasi ya huyu. Tofauti iliyobaki kati yao haikufika hata sehemu moja ya kumi. Na sehemu hiyo ndogo ndiyo ya mtu aliyepanda darini na rula.

Namba ya modeli nayo ilinisaidia. Ukiwa nayo unaweza kutafuta bei ya mashine peke yake. Kwetu mashine ilikuwa karibu theluthi ya gharama yote. Zaidi ya nusu ya fedha ilikwenda kwenye kazi ya mikono na mabati. Hapo nilielewa kwa nini muuzaji wa kwanza alitaja jina la nembo mara nyingi hivyo na hakutaja kazi. Nembo zenyewe, ukichunguza, nyingi ni ndugu: Carrier na Bryant ni za kampuni moja, Trane na American Standard vilevile, Goodman na Amana vilevile. Sisemi zote ni sawa. Nasema tanuri zuri likifungwa vibaya litakufa mapema, na la kawaida likifungwa na mtu makini litawazeesha watoto wenu.

Kuhusu kupunguziwa bei, sikumwambia fundi apunguze. Mimi mwenyewe mteja akiniambia "punguza" bila kusema nipunguze nini, najua nitapunguza kwenye bitana, mahali asipoona. Nilimuuliza: kipi kwenye karatasi hii tunaweza kuishi bila hicho? Akafuta kidhibiti joto cha intaneti na taa ya kusafishia hewa, akasema zinaweza kuongezwa wakati wowote. Nikamuuliza kama nahitaji lile tanuri la juu kabisa linaloongeza na kupunguza moto kidogo kidogo. Akasema kwa nyumba yetu lenye hatua mbili za moto linatosha. Lile jingine lina vipuri ghali. Kilichobaki tulizungumzia malipo: sehemu ndogo ya awali, na salio lilipwe baada ya mkaguzi kupitisha kazi, si baada ya mafundi kuondoka. Alikubali bila kununa. Aliongeza kwamba kama tungemwita mwishoni mwa baridi, wakati simu yake hailii, angeweza kushuka zaidi. Siku ya baridi kali kila mtu anamtaka fundi yuleyule.

Siku ya kazi walikuja saa mbili asubuhi. Yule kijana wao alitandika shuka mpaka ngazi ya mwisho. Tanuri la zamani lilipofunguliwa nje, mzee alikikata kibadilisha joto, akaniita nikione. Ufa ulikuwa kwenye kona ya mkunjo, urefu wa kidole, kingo zake zimegeuka kahawia. Niliupitisha ukucha. Mama alisogea naye akaugusa, kisha akaenda kukaa bila kusema neno.

Nilipenda kuwaangalia wakiunganisha mabati. Kila kiungo walikipaka gundi nzito ya kijivu kwa brashi, hata upande wa nyuma unaotazama ukuta, mahali ambapo hakuna mkaguzi atakayeinamia. Nilipouliza kwa nini wasitumie gundi ya utepe, kijana alisema utepe hukauka na joto na kubanduka, hewa mliyolipia ikaishia chumba cha chini. Mkono wake ulikuwa wa kijivu hadi kiwiko.

Mwishoni mzee alirudisha manomita kwenye matundu yaleyale. 0.48. Akapima joto la hewa inayoingia na inayotoka: limepanda nyuzi 28, na kibati cha tanuri kinaruhusu kati ya 19 na 36. Akarekebisha presha ya gesi, akapima tena. Namba hizo aliziandika kwa kalamu ya wino ubavuni mwa tanuri.

Ningewapa nyota tano, lakini nawapa nne, na sababu ni mbili. Mfereji mpya ulikuwa ukigonga kila feni ilipoanza, tak-tak-tak, juu ya chumba cha mtoto. Waliahidi kurudi baada ya siku tatu, wakaja siku ya tisa. Walipokuja walimaliza kwa dakika kumi, kwa skrubu mbili na ukanda wa bati, na hawakudai kitu, lakini usiku tisa ni mingi kwa mtoto anayeamka. La pili ni zito zaidi: hawakuniambia kwamba dhamana ya vipuri ya miaka 10 inahitaji tanuri lisajiliwe kwa mtengenezaji ndani ya siku 60, la sivyo inabaki miaka 5. Nililiona mwenyewe kwenye kijitabu, wiki ya sita. Dhamana ya kazi ya mikono ni yao wenyewe, na hiyo waliiandika wazi, miaka miwili. Ila mteja aliyelipa fedha kama ile alistahili kukumbushwa kusajili, au wamsajilie. Kama unafungiwa tanuri, uliza siku hiyohiyo.

Sasa ni mwezi wa tatu. Tanuri linawaka kwa muda mrefu, kwa moto mdogo, na mara nyingi sijui kama limewaka mpaka niweke mkono kwenye tundu la hewa. Chumba cha mama na korido vinapishana nyuzi moja. Zamani vilipishana tano. Blanketi ya pili imerudi kabatini.

Juzi nimebadilisha filta ya kwanza. Ilikuwa imejaa nyuzinyuzi za kitambaa, za bluu na nyeupe, vumbi la cherehani yangu. Kwa hiyo ya kwetu nitaibadilisha mapema kuliko kijitabu kinavyosema. Tarehe nimeiandika kwa chaki ya kushonea ubavuni mwa tanuri, chini ya namba za mzee: 0.48, 28, na saini ya mkaguzi.